Kola ya Dobi

"Dobi anakunywa maji ya kufulia," Mama Redio aliniambia, akaangalia kushoto na kulia kama mtu anayetaka kuvuka barabara. "Nimemwona kwa macho yangu haya mawili. Anachota unga mweupe, anakoroga kwenye glasi, anakunywa mpaka tone la mwisho. Halafu anapangusa mdomo, anarudi kwenye pasi yake. Mtu mzima na akili zake!"

Mama Redio ni jirani yetu, mlango wa tatu kutoka kwetu. Jina hilo hakupewa bure. Habari ikiingia kwake asubuhi, mchana imeshafika kwa wauza mkaa. Mdomo wake hauna breki, lakini roho yake haina ubaya, na siku niliyojifungua ndiye aliyenichemshia maji na kunishika mgongo. Kwa hiyo nilimsikiliza, mtoto akiwa ananyonya, nikasema tu, "Labda ni dawa."

"Dawa gani inakaa rafu moja na sabuni?"

"Sijui, mama."

"Hujui, na wewe ndiye unayeshinda kwake! Haya, kaa hivyo hivyo. Siku atakapotoa povu puani ndipo utakapojua."

Nilicheka mpaka mtoto akaachia ziwa akanitazama. Lakini nilikuwa nimemdanganya jirani yangu, maana nilijua vizuri. Kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuumulia mikate, glasi moja ya maji ya uvuguvugu, asubuhi kabla ya kula chochote. Vipimo hivyo niliviandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikapiga mstari chini kwa rula.

Chumba cha Dobi kiko ng'ambo ya ua tunaochangia. Mbele ni pa kazi, nyuma ni pa kulala, katikati kuna pazia. Huko mbele kuna meza ndefu ya kupigia pasi, imevikwa blanketi kuukuu na juu yake shuka jeupe lenye alama za hudhurungi za miaka na miaka. Pasi ni mbili za mkaa, moja inafanya kazi na nyingine inapata moto. Kuna sufuria ya wanga, mabeseni matatu, na rafu ya makopo yake: magadi, bluu ya kung'arishia nguo nyeupe, chumvi, siki. Ukiingia asubuhi unakutana na ile harufu ya kitambaa chenye unyevu kikiguswa na chuma cha moto. Mtoto wangu aliipenda harufu hiyo. Nikimweka chini ya meza kwenye kikapu cha nguo alikuwa analala bila kubembelezwa.

Dobi hakuandika majina ya watu. Kila mteja alikuwa na alama yake ya uzi, Dobi ameishona ndani ya shingo ya nguo, mahali ambapo mwenye nguo haoni. Msalaba mwekundu alikuwa mwalimu. Vitone viwili vya kijani, dereva wa lori. Aliwajua kwa alama zao kuliko kwa nyuso. "Msalaba mwekundu amenenepa," alikuwa akisema. "Mkanda umehama tundu." Au, "Vitone viwili ana mawazo siku hizi. Angalia alivyotafuna huu mkono wa shati." Hata shali la mwanangu alilishonea alama, mshono mmoja wa bluu, mdogo kama punje ya mchele.

"Mbona mmoja tu, baba?" nilimwuliza.

"Bado mdogo huyo. Akikua tutamwongezea."

Nilimwita baba kwa sababu ya umri wake, halafu nikazoea, halafu ikawa kweli. Mke wake alifariki zamani kabla hawajajaliwa mtoto, na mimi wazazi wangu wako mbali. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, anafuata kazi zinakojengwa nyumba, anaonekana nyumbani mwisho wa mwezi. Nilianza kwa kumrudishia Dobi beseni nililoazima, nikamkuta anahangaika kutia uzi kwenye sindano. Nikamtilia. Kesho yake nikamtilia tena. Baada ya wiki nikawa nashona vifungo na kukunja nguo, na hakuna aliyeniita wala kuniajiri.

Kazi ya udobi aliijulia hospitali. Aliniambia akiwa anapiga pasi, maana Dobi hakuweza kusema jambo zito mikono ikiwa imetulia. Akiwa kijana aliajiriwa kufua nguo za hospitali kubwa, akakaa miaka kumi na moja. Shuka zote za chumba cha upasuaji zilipita mikononi mwake.

"Wewe unaijua hospitali kwa mbele," aliniambia, "kule kwenye maua na bango. Mimi naijua kwa nyuma. Linakuja toroli, limefunikwa. Unafunua. Unaona kazi iliyofanyika. Na baadaye linakuja toroli lingine lina shuka moja tu, la kumfunikia mtu."

"Lakini wengine si walipona, baba?"

"Sijui. Wa kupona hawakupita kwangu."

Alisema hivyo bila kufikiria. Mimi nilikuja kulifikiria neno hilo baadaye sana.

Uvimbe niliuona kabla hajaniambia. Ulikuwa chini ya taya, upande wa kushoto, kama ameweka kokwa shavuni na kokwa ikateleza chini. Dobi hakuwa mtu wa kuvaa kola. Mtu anayenyoosha kola za wenzake kutwa nzima, yeye mwenyewe alikuwa anavaa fulana. Siku moja nikamkuta amevaa shati jeupe, limetiwa wanga, kola imesimama wima, kifungo cha juu kimefungwa, na jasho linamtiririka.

"Unakwenda harusini, baba?"

"Naanza kujiheshimu uzeeni," alisema. "Hebu nisogezee hiki kifungo. Kinanibana."

Nilikisogeza nusu ya upana wa kidole.

Alikuwa ameshakwenda zahanati. Daktari wa pale alimshika shingo kwa vidole viwili, akamwandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa ili wachome sindano watoe kinyama kidogo wakipime. Karatasi hiyo Dobi aliikunja mara nne, akaiweka chini ya kopo la bluu.

"Saratani," alisema. "Hakutamka, lakini mimi si mtoto."

"Basi twende wakapime tujue."

Dobi alivuta shati la mwalimu lililomwagikiwa wino, akalitandaza mbele yangu. "Safisha hili."

Nilichukua sabuni nikaanza kusugua. Alinidaka mkono.

"Ona ulichofanya. Lilikuwa kama ukucha, sasa ni kama kiganja. Doa halisuguliwi katikati, mwanangu. Halichokonolewi. Unaanzia pembeni, unaliloweka, unalingoja lichoke lenyewe. Ukilitia papara linakimbilia ndani ya nyuzi, na likiingia ndani ya nyuzi, hata ulipike, limeshakuwa kitambaa." Akajigusa kola. "Sasa hawa wanataka wanichome sindano katikati. Seremala si alichomwa? Alikwenda anatembea kwa miguu yake, akaletwa nyumbani amelazwa kwenye gari. Miezi miwili tukamzika."

Seremala wa kona ya pili nilimkumbuka. Kweli alikwenda anatembea. Lakini nilikumbuka pia kwamba alikwenda akiwa amebaki mifupa, suruali ameifunga kwa kamba. Hilo sikulisema. Shati lilikuwa limeharibika mikononi mwangu na nilikuwa naona aibu.

Ndipo tukaanza daftari.

Kila aliyeleta nguo alileta na maelezo yake. Dereva wa lori alisema ugonjwa huu unatokana na joto la injini, ndiyo maana yeye anakunywa maziwa kila safari. Mwalimu alisema unatokana na machungu yasiyosemwa, yanaganda mwilini yanakuwa donge. "Una machungu gani, mzee wangu, ambayo hujamwambia mtu?" alimwuliza kwa upole, na Dobi akamjibu, "Ninalo moja. Shati lako limeingia wino na sijui nikuambieje." Tulicheka mpaka mwalimu alipogundua kwamba si mzaha.

Muuza mitumba alisema ni ukungu, ule ule unaoota kwenye nguo zilizofungiwa na unyevu, ila huu unaota ndani ya mtu. Hapo Dobi alitega sikio, maana ukungu anaujua. Halafu kijana mmoja wa kuuza simu akamletea sauti iliyorekodiwa, mtu anaongea kwa kujiamini, anasema damu ikiwa chachu saratani inastawi, uchachu ukiuawa nayo inakufa, na kwamba chakula chake ni sukari, ukiinyima inakufa njaa. Dobi aliisikiliza mara tatu. Mara ya tatu aliweka pasi chini, juu ya kibati chake cha kuegeshea pasi, jambo ambalo hakulifanya kwa mgeni yeyote.

"Umesikia, mwanangu? Uchachu! Jasho la kwapani linakula kitambaa kwa sababu gani? Uchachu. Na mimi nalitoa kwa kitu gani? Magadi. Mbona ni jambo rahisi namna hii?"

"Sasa kwa nini madaktari hawasemi?"

"Hilo ndilo nakuuliza wewe."

Mimi niliishia darasa la saba. Lakini mwandiko wangu ulikuwa mzuri, mwalimu wangu alikuwa ananiita ubaoni niandike ili wengine waige, na tangu niache shule hakuna mtu aliyeniambia andika. Dobi alinunua daftari kubwa la mistari. Alikuwa anasema, naandika. Ukurasa wa joto, ukurasa wa machungu, ukurasa wa ukungu, kurasa nne za uchachu. Nilipiga mistari kwa rula. Niliweka vichwa vya habari kwa wino mwekundu. Nasema ukweli, nililipenda lile daftari. Mtoto akilala nilikuwa nalifungua tu nilitazame.

Dobi akaanza soda. Akaacha sukari kwenye chai, akaacha chai yenyewe, akaacha matunda, akaacha karibu kila kitu chenye ladha. Alipungua uso, alipungua mabega, kola ikawa inamcheza kwa nyuma kama kola ya mtu mwingine. Kwa nyuma tu. Kwa mbele, kabla mtoto wangu hajaanza kusimama dede nilikuwa nimesogeza kile kifungo mara tatu, na mara ya tatu kitambaa kilikwisha. Ikabidi nishone kipande cha ziada.

Siku hiyo nilikuwa nimekaa kwenye kigoda na shati lake mapajani. Nilipokata uzi niliona matundu ya sindano pale vifungo vilipokuwa, yamepangana kama nyayo za kuku. Nikayahesabu kwa ukucha. Kisha nikasema.

"Baba, naomba nikuulize kitu cha kazi."

"Uliza."

"Doa lisipoguswa linakua?"

"Linakuaje? Doa ni doa. Usipoligusa linakaa pale pale mpaka siku ya kiyama."

Nikampelekea shati, nikamwonyesha matundu. Aliyapapasa kwa kidole gumba, la kwanza, la pili, la tatu, akafika kwenye kipande nilichounga. Pasi ilikuwa mkononi mwake. Mara nikasikia harufu, shuka la mezani limeungua. Kwa muda wote niliomjua sijawahi kumwona akiunguza kitu.

"Hili halijaguswa," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na bado limekuja mpaka hapa."

Alikaa juu ya furushi la nguo. Kisha akanyanyua kopo la bluu, akaivuta ile karatasi iliyokunjwa mara nne. "Alhamisi," alisema. "Tutakwenda wote. Mimi peke yangu siendi pale."

Alhamisi alivaa shati lake la kola, alilitia wanga mwenyewe, likawa gumu kama karatasi ya boksi. Kifungo nilikishona upya kwa uzi wa mara nne kisije kikamdondokea mbele za watu. Tundu lilikuwa limekauka kwa wanga, ilibidi nimsaidie kukipenyeza, nikitumia mpini wa kijiko. Tulipanda basi. Mtoto nilikuwa nimembeba kifuani, na tangu alfajiri alikuwa hajatulia. Tulipofika kwenye geti la hospitali mwili wake ulikuwa unachoma kama pasi na amenitapikia begani.

Dobi alimgusa shingo kwa mgongo wa kiganja. "Huyu mrudishe nyumbani. Humo ndani kuna magonjwa ya kila aina na foleni ya kutwa."

"Na wewe, baba?"

"Mimi nimeshafika. Kutoka hapa mpaka dirishani ni hatua ishirini. Nenda, mwanangu. Usiniulie mjukuu."

Nilimwacha pale getini, ameshika karatasi yake. Nilipogeuka kwenye kona alikuwa bado amesimama, anaangalia si mlango wa mbele bali ukuta wa pembeni, kule ambako bomba la moshi la chumba cha kufulia lilikuwa linatoa mvuke.

Alirudi jioni. Mtoto alikuwa amepata dawa amelala. Dobi aliingia akitabasamu, akavua viatu, akasema, "Wamenipima. Wamesema ni tezi tu. Ya uzee. Niendelee na maji yangu."

"Alhamdulillahi!" alisema Mama Redio, aliyekuwa amekuja kumtazama mtoto, na kabla sijakaa vizuri habari ilikuwa imeshafika kwa wauza mkaa.

Mimi nilikuwa natazama kola. Wanga wa kola, kifungo kikifunguliwa, unavunjika, unabaki mstari mweupe kama ufa kwenye ukuta, na hakuna namna ya kuurudisha ila kufua na kutia wanga upya. Ile kola ilikuwa nzima. Kifungo kilikuwa kimekaa vile vile nilivyokipenyeza kwa mpini wa kijiko, na fundo langu la uzi limelala upande ule ule. Hakuna daktari aliyeiona shingo ya mtu huyu.

Nilijua, na nilinyamaza. Mara nyingi nimejiuliza kwa nini. Mtoto alikuwa ametoka kwenye homa, nilikuwa nimechoka, na yeye alikuwa anatabasamu. Niliogopa nikisema atajua kwamba nimemwona, na mtu akionekana hofu yake anabaki na nini? Nikafungua daftari nikaandika tarehe, na chini yake, "Amepimwa. Tezi." Nikapiga mstari kwa rula.

Miezi iliyofuata sitaki kuirefusha. Sauti yake ilianza kukwaruza, kisha ikawa ya chini, kisha akawa anaongea kama anayemwambia mtu siri. Chakula kigumu kilimshinda. Uji ukawa unapita kwa kuinamisha kichwa upande wa kulia. Soda ilimjaza gesi, akawa anakaa ameshika tumbo, lakini hakuacha, na kila asubuhi glasi niliisuuza mimi. Kola haikufungika tena, akaanza kuzungusha kitambaa. Wateja walipungua. Alama zao zilibaki kwenye nguo, ila nguo zilikwenda kwa mwingine.

Mume wangu aliporudi mwisho wa mwezi alikwenda kumsalimia, akatoka huko uso umembadilika.

"Nyinyi mnamtazama tu huyu mzee?"

"Alipimwa," nilisema. "Ni tezi."

"Cheti kiko wapi?"

Alinitazama kidogo, kisha akaenda kutafuta gari. Kesho yake Dobi hakubisha. Alikuwa mwepesi, mume wangu alimwinua kama furushi la nguo kavu.

Safari hii niliingia. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono ya baridi, ambaye alimwomba radhi kabla ya kumgusa. Walimchoma ile sindano. Ilikuwa jambo la dakika chache. Dobi alifumba macho, na ilipokwisha akauliza kwa ile sauti yake, "Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu, mzee."

Majibu yalichukua wiki mbili. Ni saratani, ilikuwa imeanzia nyuma ya ulimi, ikashuka shingoni, sasa imefika kifuani. Daktari hakukemea. Dobi alimwuliza kuhusu uchachu, na kuhusu sukari, akamweleza habari za magadi na jasho, na yule mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo maji yakiingia tumboni, tumbo linayageuza hapo hapo," alisema. "Damu yako mwili unaisawazisha wenyewe, haiwi chachu wala magadi kwa sababu ya glasi moja. Na sukari ni kweli saratani inaila. Lakini kila kipande cha mwili wako kinaila pia. Ukiifungia chakula hiyo, umejifungia na wewe."

"Na sindano haisambazi? Rafiki yangu seremala alichomwa, miezi miwili tukamzika."

"Haikuwa sindano iliyomwua rafiki yako. Wengi wanakuja kwetu ikiwa imeshasambaa, tunawachoma, wanakufa, na watu wanaikumbuka sindano."

Dobi alitikisa kichwa polepole. "Ningekuja ule mwanzo?"

Daktari alisogeza kalamu yake kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine. "Tusingekuahidi kitu. Lakini kulikuwa na mionzi, kulikuwa na dawa. Tungekuwa na pa kuanzia. Sasa hivi tutakutuliza maumivu, na hilo tutalifanya vizuri."

Ndani ya gari Dobi alitazama dirishani njia nzima. Mimi nilitazama miguu yangu.

Sasa hivi kitanda chake tumekisogeza karibu na pazia, na pazia tumelifunga pembeni, ili aone meza yake. Pasi zimepoa. Mtoto wangu ameanza kutembea, anashika mguu wa meza anazunguka, anamwonyesha Dobi kila kitu anachookota: kibanio, kipande cha mkaa, kifungo. Dobi anapokea, anashukuru kwa kichwa. Dawa ya maji ya hospitali nampa kwa saa, na inamsaidia. Anakula kidogo. Chai anatia sukari.

Jana asubuhi nilikuwa naanua nguo zake nilipomwona Mama Redio amesimama kwenye kona ya ua. Hakusalimia. Mama Redio kuja bila salamu! Amejifunga mtandio mpaka kidevuni na mkono mmoja ameuficha chini ya kwapa.

"Lile daftari," alisema kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo. "La dawa za Dobi. Lipo?"

"Lipo. Unalitakia nini, mama?"

"Kuna mtu ameniulizia."

"Mtu gani?"

Alitazama kushoto, akatazama kulia. Safari hii hakuwa anacheza. "Ni kama kokwa," alisema. "Hapa, kwenye ziwa. Tangu wakati wa mvua. Usimwambie mtu."

Nguo zilinidondoka kwenye beseni. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi, nikamwambia akae kwenye kigoda anisubiri. Nikaingia ndani.

Daftari liko kwenye rafu, pale pale kwenye makopo. Nililichukua, nikasimama nalo mbele ya kitanda. Dobi alitazama daftari, akatazama mlangoni, ambako kivuli cha Mama Redio kilikuwa kinaonekana sakafuni.

"Nani mgonjwa?" aliuliza.

"Mwenyewe."

Alifumba macho. Nilidhani amelala, dawa huwa inamchukua hivyo. Kisha akanipungia kidole nisogee, nikapiga magoti, sikio karibu na mdomo wake.

"Siku ile," alisema. "Ya Alhamisi."

"Usijichoshe, baba."

"Sikuingia. Nilikaa nje, upande wa kule kwenye chumba cha kufulia. Mpaka jioni. Nilikuwa nasikia toroli zinavyopita."

"Najua."

Alifungua macho. "Ulijua?"

"Kola haikuvunjika."

Kitu kikamtikisa kifua, nikafikiri anakohoa, kumbe ni kicheko. "Nimekufundisha kazi," alisema, na machozi yakamtoka pembeni mwa macho, yakashuka mpaka masikioni. Nilimfuta kwa pindo la shuka. Nilitaka kumwambia kwamba ni mimi niliyetakiwa kusema, kwamba nilikuwa nimeona nikafunga mdomo na kupiga mstari kwa rula. Lakini mkono wake ulikuwa umeshanishika kifundo cha mkono, na ulikuwa na nguvu kuliko nilivyotegemea.

"Huyo mama," alisema. "Asilichukue hilo daftari. Mpeleke hospitali wewe, leo hii, kabla hajabadili mawazo. Mtoto mwache hapa kwangu, namwona." Alimeza mate, akainamisha kichwa upande wa kulia yapite. "Na mkifika, mwanangu, nakuomba. Akikwambia yeye ameshafika, akikwambia ni hatua ishirini tu, usimwache getini. Mshike mkono uingie naye mpaka ndani, ukae pale pale, mpaka uone kwa macho yako amefungua vifungo."